Zamu ya Mkiani

Sururu ya Nakundwa Mrutu ilizama ardhini hadi mpini, na mpini nao ukataka kufuata. Mtu aliyechimba mifongo, mifereji ya maji, tangu utotoni huko Upare anajua udongo unavyoitika ukigongwa, na huu ulikuwa umeitika kama mtungi mtupu. Alisimama, akajifuta jasho kwa ncha ya kanga, akawanyooshea mkono wenzake sita waliokuwa wakichimba nyuma yake waache.

"Umechoka, Mama Namsifu?" mmoja akauliza, na wengine wakacheka, maana kila mtu alijua kwamba mama huyu wa miaka hamsini na minne hachoki, au akichoka hasemi.

"Nimekuonea huruma wewe," alijibu. Kisha akapiga magoti, akaanza kufukua kwa mikono.

Njaa ilikuwa imewapunguza wote. Suruali za kazi zilikazwa kwa kamba, na mashavu yalikuwa yameingia ndani. Lakini mfongo ulikuwa unasonga, na kwa Nakundwa hilo lilikuwa jambo la kutembea nalo kifua mbele. Mashine kubwa ya kuchimba, iliyopakiwa duniani kwa mbwembwe na hotuba, ilikufa wiki ya pili baada ya kutua. Vumbi la sayari hii waliyoiita Ng'ambo liliingia kwenye kila kiungo chake, na mafundi wakaishia kuizunguka wakiitazama. Ni yeye aliyepuliza baragumu siku ile, akawaita watu themanini na wanne kwenye msaragambo, kazi ya wote kwa mikono ya wote, kama ilivyofanywa kwao milimani. Walichimba kilomita tatu na robo. Walijenga ndiva, bwawa la mawe na udongo linalofungwa jioni ili likusanye maji na kufunguliwa asubuhi, bila mfuko hata mmoja wa saruji. Kijiji wakakiita Usangi Mpya. Mlango wa bwawa ulivuja kidogo upande wa kushoto, na Nakundwa alikuwa amewaambia wote kwamba kuvuja kidogo ndiyo afya ya mlango. Aliwapeleka watu kulitazama bwawa lake hata kama walikuwa wamelitazama jana.

Chini ya udongo palikuwa na jiwe bapa la mviringo, upana wa sinia la pilau. Walipoliinua lilitoka taratibu, kama kifuniko kilichozoeana na chungu chake. Shimo lilikuwa na kina cha mtu mzima na kuta zake zilikuwa zimelainishwa. Ndani mlijaa mbegu kubwa kama korosho, zimepangwa tabaka la mbegu na tabaka la majivu, mbegu na majivu, hadi chini.

Hakuna aliyecheka tena. Yule aliyemtania Nakundwa alikaa chini akashika kichwa, machozi yakamtoka bila sauti.

Nakundwa alichukua mbegu kumi za kumpelekea mkemia wao azipime, akazifunga kwenye pindo la kanga. Majivu yalimganda vidoleni. Aliyanusa. Majivu ya zamani hayana harufu, na haya bado yalinuka moshi. Akainua macho. Bonde dogo kavu lilikuwa linateremka kutoka upande wa bwawa lake, na kando ya bonde hilo mawe mengine ya mviringo yalikuwa yanachungulia udongoni, moja baada ya jingine, yakifuata mkondo hadi macho yalipokoma. Kwa miezi kumi na moja hawakuwa wameona kiumbe kikubwa kuliko panzi katika sayari hii. Alielewa jambo, lakini hakulitamka.

"Rudisheni kifuniko," alisema.

"Mama, hiki ni chakula!"

"Nina macho. Rudisheni."

*

Mkutano ulifanyika asubuhi iliyofuata ndani ya tumbo la chombo walichokuja nacho, ambacho sasa kilikuwa ukumbi, kanisa, msikiti na shule. Mkemia alieleza kwamba mbegu hazina sumu, zina wanga na mafuta ya kutosha. Watu walimeza mate waziwazi, bila kuoneana aibu. Kisha akasimama Mwenyekiti Senkondo, mwalimu mkuu wa zamani, mtu aliyejua kusema jambo baya kwa sauti ya kawaida.

"Posho iliyobaki ni ya siku arobaini," alisema. "Mahindi ya kwanza yaliliwa na ugonjwa wa kutu, mnajua. Haya ya pili yamepona, ila yatakomaa baada ya siku sitini. Katikati hapo hatuna kitu. Sheria ya safari inasema jambo la njaa tumuulize kwanza Bi Agnesi."

Akaliweka sanduku mezani.

Lilikuwa dogo, ukubwa wa redio ya jikoni. Walioandaa safari walijiuliza ni nani awafundishe watu kuanzisha kijiji mbali na kila kitu wanachokijua, na wakaona miongoni mwa walio hai hayupo. Wakaenda kwa wafu. Agnesi Thorli alikuwa Mwingereza, mfuaji wa nguo na mpishi, aliyevuka bahari kwa meli ya mbao zaidi ya miaka mia tano iliyopita, akawa mmoja wa walowezi wa mwanzo kwenye pwani ya Amerika. Aliacha barua ishirini na tatu. Mashine ilisomeshwa barua hizo, daftari za kanisa lake, kesi moja aliyoitwa kutoa ushahidi, na maandishi ya watu wa zama zake. Palipokuwa na pengo ikajazia kwa kukisia. Halafu ikafundishwa Kiswahili. Kilichotoka humo ni sauti ya bibi mkali, anayekohoa kidogo kabla ya kusema, na watu wa Usangi Mpya wakamwita Bibi Sanduku. Ndiye aliyewakataza kujenga mabanda bondeni. Ndiye pia aliyewaamuru wawe na siku ya kuimba kila wiki, wasije wakafa kwa unyonge kabla njaa haijawafikia.

"Bibi," Senkondo akaanza, "tumekuta ghala la wengine. Wenyewe hawaonekani. Ninyi yalipowafika haya mlifanyaje?"

Sanduku lilikohoa. "Sisi tulilikuta mchangani, majira ya baridi ya kwanza. Vikapu vya mahindi, mengine mekundu, mengine ya bluu. Tulikuwa tumeshazika nusu ya watu wetu. Wanaume walichimba, wakabeba. Tukala, tukapona. Sitawadanganya kwamba hayakuwa matamu."

Ukumbi mzima ulishusha pumzi. Katika safu ya mbele alikuwa amekaa Namsifu, mtoto pekee wa Nakundwa, amempakata bintiye Nanzia wa miezi minne. Maziwa yake yalikuwa yanakauka. Siku mbili hizi kilio cha Nanzia kilikuwa kimeshuka, kikawa kama mlio wa bawaba.

"Basi tunangoja nini?" Namsifu alisema. Hakumtazama mama yake.

Nakundwa alisimama.

"Shikamoo, Bibi."

Watu walikuwa wameacha zamani kuliamkia sanduku. "Marahaba, mwanangu."

"Wenye mahindi walikuwa wapi?"

"Hatukuwaona."

"Mliwaita?"

"Kwa lugha gani?"

"Hata kubisha tu. Kusimama pale, kubisha, kungoja."

"Hapana. Hatukubisha."

"Walirudi?"

Safari hii kikohozi kilichukua muda. "Majira ya mvua walirudi. Mwanamume na mwanamke. Nilikuwa kijitoni nafua. Walisimama kwenye lile shimo, wakalitazama. Hawakupiga kelele. Kisha yule mwanamke akageuka, akanitazama mimi."

"Ukafanya nini?"

"Nikaendelea kufua."

Senkondo alikunja uso. "Jambo hili halijawahi kusikika humu. Pengine ni yale ambayo mashine imejazia."

"Halikujaziwa!" Bi Agnesi alimkatiza. "Limo katika barua ya kumi na saba, niliyomwandikia dada yangu. Mistari miwili. Ninyi mmekuwa mkiniuliza barua ya kumi na sita, ile ya namna tulivyopona. Hakuna aliyeniuliza ya kumi na saba. Mwaka ule ule, majani yalipoanza kuanguka, tulipigana nao, tukawachomea nyumba. Tulifika mbali, sikatai. Tulijenga miji, na mikono yangu hii najivunia. Ila zile nguo, mpaka leo nazifua."

Nakundwa alipiga moyo konde. Kilichobaki kusemwa kilikuwa kosa lake mwenyewe.

"Wenye ghala hili wapo," alisema. "Majivu yao bado yananuka moshi. Na najua kwa nini hawaonekani karibu. Mashimo yao yamefuata mkondo wa zamani wa maji, na maji ya mkondo ule ninayo mimi. Niliyafungia bwawani miezi tisa iliyopita, kisha nikawaita ninyi mje mnipigie makofi."

Watu walitazamana. Hakuna aliyewahi kumsikia Nakundwa akilisema bwawa lake kwa ubaya.

"Kwetu mfongo una kichwa na una mkia," aliendelea. "Wa kichwani akinywa maji ya wa mkiani, haamkiwi tena na mtu. Ndiyo maana kuna zamu. Unachomeka kijiti, unaweka jiwe jeupe, kivuli kikifika kwenye jiwe zamu yako imekwisha, unafunga mwenyewe kwa mkono wako. Sisi tumewakuta wenzetu wako mkiani, tukawanyima maji, na sasa tunataka na akiba yao. Nipeni siku tatu. Kila siku, jua likiwa utosini, niwafungulie zamu yao, nibishe hodi."

"Zamu ya nani, Mama Namsifu?" Senkondo aliuliza kwa upole. "Hatujaona hata unyayo."

"Ndiyo maana ya hodi, Mwenyekiti. Unambishia usiyemwona. Ukishamwona unamwamkia."

Ndipo Namsifu akageuka. "Na mwanangu, mama? Huyu mwanangu zamu yake lini?"

Nakundwa akamsogelea. Alimtazama mjukuu wake, shingo ile nyembamba kama bua la mtama. "Nikimwangalia Nanzia mkono wangu unataka kuchimba sasa hivi. Ndiyo sababu nayasema haya mbele ya watu, mnisaidie kuuzuia."

Walipiga kura kwa mikono. Senkondo alihesabu mara mbili, na mara mbili pande zikalingana. Mkono mmoja tu haukuwa umenyooshwa popote. Namsifu alimhamishia mtoto bega la kushoto, akalitazama sanduku kwa muda mrefu, akauinua mkono wa kulia.

"Siku tatu," alisema. "Ya nne nachimba kwa kucha."

*

Siku ya kwanza Nakundwa alimfunga Bi Agnesi mgongoni kwa kanga, akapanda naye bwawani. Watoto waliwafuata wakishangilia, wengine wakiuliza kama Bibi Sanduku naye ananyonya.

"Umenibeba kama kichanga," Bi Agnesi alilalamika. "Sijabebwa hivi tangu Malkia yule wa zamani alipokuwa hai."

"Tulia, Bibi, usije ukanicheulia."

Alitoboa ukuta upande wa bonde kavu, akatengeneza mlango mpya na kuandaa bamba la jiwe la kuufungia. Akachomeka kijiti, akaweka jiwe jeupe. Jua la Ng'ambo liliposimama utosini alifungua, na maji yakateremka kwenye mkondo wao wa zamani, yakisukuma vumbi na povu mbele yake. Aligonga mwamba kwa mpini wa sururu. "Hodi!" Akangoja. "Hodi!" Akangoja. "Hodi!" Bonde lilinyamaza. Kivuli kilipofika kwenye jiwe jeupe, akafunga, akashuka.

Siku ya pili ilikuwa hivyo hivyo, tofauti yake ni kwamba hakukuwa na watoto wala kelele. Alisimama kando ya mlango muda wote, sururu begani, akilitazama bonde kama mwalimu anayengoja darasa lijibu. Hakupata jibu. Aliporudi kijijini watu walimpisha njia kwa adabu ambayo hakuipenda. Jikoni walikuwa wanagawa uji mwepesi kiasi cha kuona kitako cha bakuli.

"Labda hawapo," alimwambia Bi Agnesi akiwa ameketi kwenye benchi la nje. Ilikuwa mara ya kwanza kuyatamka. "Labda nimewakosesha watu chakula kwa ajili ya panzi."

"Nikuulize mimi leo," sanduku lilisema. "Nani anayefungua lile lango?"

"Mimi."

"Nani anayelifunga?"

"Mimi vilevile."

"Na katikati unasimama pale pale na chuma begani. Nilikuwa mfuaji, mwanangu. Kwetu kulikuwa na mabwana waliowagawia maskini mkate kila Jumapili, wakisimama kuwaangalia wanavyoupokea. Nilipitia mbali nao hata nikiwa na njaa. Uliyotoa wewe siku mbili hizi sioni kama ni zamu. Mimi naiona sadaka."

Nakundwa alihisi uso unamwaka. Kwao, kumsimamia mtu kwenye zamu yake ni kumwita mwizi. Binti wa miaka saba anaijua adabu hiyo. Naye, msimamizi wa mfongo, mjuzi wa mifongo, amesimama siku mbili juu ya vichwa vya majirani zake, anawafungulia na kuwafungia. Alilipenda mno bwawa lake hata akashindwa kuwaachia wengine mlango wake. Alijiona mjinga kabisa.

"Bibi, ungeniambia jana."

"Jana hukuuliza."

*

Asubuhi ya siku ya tatu alimkuta Senkondo ukumbini, akamweleza. Atafungua jua likiwa utosini, kisha ataondoka. Hatafunga. Atakayefunga ni mwenye zamu.

Senkondo aliinuka kwenye kiti. "Na asipokuwepo wa kufunga?"

"Bwawa litaisha lote kabla ya jioni. Chemchemi inayolilisha itachukua wiki tatu kulijaza."

"Mahindi hayana wiki tatu."

"Hayana."

"Unajua unachokisema, Mama Namsifu? Hata tukizila mbegu zote zile, tutafika siku ya sitini tukute mabua makavu. Tutaanza kuzikana."

"Najua, Mwenyekiti. Bwawa nimelijenga mimi, najua lina nini ndani."

"Basi angalau niache kamera ya mlingoti ielekee kule. Likipungua mno tukimbie tukafunge."

"Ukimwekea mtu jicho mlangoni, umeshamwambia unavyomfikiria. Watu wa Bibi hawakubisha hodi. Mimi nimebisha siku mbili huku nikiwa nimekaa sebuleni kwao. Nataka leo nibishe kama mtu."

Senkondo alitembea hadi dirishani. Kutoka pale mfongo ulionekana wote, mstari wa kijani ukipita katikati ya vumbi jekundu, kilomita tatu na robo. Alikuwa amechimba humo yeye mwenyewe mpaka malengelenge yakampasuka.

"Nikiitisha mkutano mwingine watakataa," alisema hatimaye.

"Watakataa."

"Siku tatu walishakupa. Leo ni ya tatu, na namna ya kuzitumia hawakukuwekea." Alitoka, akapanda mlingoti kwa miguu yake mwenyewe, mzee wa miaka sitini mwenye tumbo tupu, akaing'oa kamera akashuka nayo kwapani. Nakundwa alimwonea fahari siku ile, na hakuwahi kumwambia.

Jua lilipofika utosini alifungua mlango, akabisha hodi tatu, akaliegemeza bamba la jiwe kando ya ukuta. Mikono ilikataa kuliachia. Akaiamuru, ikaachia. Akageuka, akateremka bila kuangalia nyuma.

Aliketi kwenye benchi la jikoni. Mlio wa maji ulifika hadi pale, mdogo lakini wa wazi, na kijiji kizima kiliusikia, maana habari ilikuwa imeshaenea. Watu walitoka vibandani, wakasimama. Hakuna aliyemtukana, na angeona nafuu kama wangemtukana. Namsifu alikuja na mtoto, akaketi kando yake. Walikuwa hawajazungumza siku tatu.

"Mama, unaogopa?"

"Naogopa sana."

Namsifu alimweka Nanzia mapajani mwa bibi yake, akauegemeza ubavu wake kwa wa mama. Wakasikiliza. Kivuli cha nguzo ya jiko kilisogea. Nakundwa alikijua kivuli kile kama kiganja chake. Alijua hasa kilipofika mahali ambapo kule juu kivuli cha kijiti kingekuwa kinaligusa jiwe jeupe. Kilipagusa. Kikapita. Maji yalikuwa bado yanalia. Mtu mmoja alianza kukimbia kuelekea mlimani, na Senkondo akamshika mkono.

Kisha kijiji kikawa kimya, na ikachukua muda kabla ya mtu yeyote kutambua ni nini kilichokosekana. Mlio ulikuwa umekatika.

"Kaeni," Nakundwa alisema, akimshikilia Nanzia mapajani. "Waacheni waondoke kwa heshima zao."

Walipanda baadaye, yeye na Namsifu na mtoto, Bi Agnesi mgongoni, na Senkondo akihema nyuma. Bwawa lilikuwa na maji zaidi ya nusu, yametulia. Mlango wa bonde ulikuwa umefungwa. Bamba la Nakundwa lilikuwa bado limeegemea ukutani alipoliacha, halijaguswa. Mlangoni palikuwa na jiwe jingine, bapa, la mviringo, kingo zake zimezungushiwa udongo uliokandwa na majivu. Chini yake palikuwa pamefagiliwa, hapakuwa na hata alama ya mguu.

Nakundwa alipiga magoti. Alipitisha kidole kuzunguka kingo zote, juu, kulia, chini. Upande wa kushoto alirudia mara mbili.

"Vipi?" Senkondo aliuliza. "Kuna tatizo?"

"Halivuji," alisema, na sauti yake ilikuwa na uchungu kidogo.

Namsifu ndiye aliyeliona jambo la pili. Alikuwa ametangulia kushuka bondeni, na kilio chake kiliwafanya wakimbie. Shimo lile walilolifunika wenyewe siku ile walipolikuta lilikuwa wazi. Kifuniko kilikuwa kimewekwa kando, kimesimamishwa vizuri. Vifuniko vyote vingine kandokando ya mkondo vilikuwa mahali pake, vimefungwa. Ni hilo moja tu lililofunguliwa, na mbegu zimejaa hadi mdomoni, tabaka la juu limepanguswa majivu yake tayari kwa kuchotwa.

Hakuna aliyethubutu kusogea. Namsifu alikuwa na bakuli mkononi na macho yake yalikuwa yanabubujika.

"Ngojeni," Bi Agnesi alisema. "Kabla hamjaingiza mkono. Nishushe, mwanangu. Niweke pale mlangoni."

Nakundwa alifungua fundo la kanga, akaliweka sanduku kwenye ukingo wa shimo. Lilikohoa, likakohoa tena, na kwa kitambo likawa kama limezimika. Halafu sauti ile kavu ya mwanamke wa ng'ambo ya bahari, aliyekuwa anafua kijitoni, ikasema neno moja, polepole.

"Hodi."

Wakangoja. Upepo ulipita juu ya mdomo wa shimo. Chini kabisa ya bonde, mahali fulani wasipopaona, jiwe liligongwa kwa jiwe mara moja.

Namsifu alipiga magoti, akachota bakuli moja, akasimama.

Asubuhi iliyofuata Nakundwa alipuliza baragumu, akawapeleka watu wote themanini na wanne kulitazama bwawa, ingawa hakuna asiyelijua. Bamba lake la zamani alikuwa amelilaza kando ya njia, akalikalia. Hakuwaonyesha ukuta, wala mfongo, wala mlango wake mwenyewe. Aliwapanga mstari, akawaita mmoja mmoja wainame kwenye mlango wa bonde, upande wa kushoto, wapitishe kidole.

"Hata tone," aliwaambia, kifua mbele. "Mmeona majirani tulio nao?"